Majina Manane kwenye Kitanda cha Mzee Hjalmar

Mzee Hjalmar alikuwa dereva wa basi. Naanza na hilo kwa sababu mwenyewe ukimuuliza ni nani, hilo ndilo atakalokujibu kwanza, jina lije baadaye. Miaka thelathini na mmoja aliendesha basi la Scarborough, huku Canada, ile njia ndefu isiyokwisha, theluji na jua, na anaapa kwamba hakuna hata siku moja aliyomwona mtu kituoni akamwacha. Akiona mtu anakimbia, anangoja. Wakubwa zake walimgombeza kwa kuchelewa, akawajibu kuwa saa haisikii baridi, mtu ndiye anayesikia.

Miaka hiyo mie nilikuwa nashona vifungo kwenye kiwanda cha mashati huko huko Scarborough. Asubuhi basi, jioni basi. Huenda alinipakia mara elfu. Mie simkumbuki. Yeye anasema abiria wake alikuwa akiwajua kwa viatu, na viatu vyangu vya siku zile vilikuwa kama vya kila mwanamke wetu aliyefika karibuni: vyeusi, vya mpira, vikubwa kuliko mguu.

Namwandika kwa sababu nilimkosea kabla sijamjua, na mie si mtu wa kusema nimekosa mara mbili. Nalisema hapa mara moja, basi.

Watoto ndio waliotuunganisha. Mjukuu wangu Zeena, binti wa mwanangu Feroz, aliolewa na kijana anaitwa Axel, na Axel alilelewa na huyu mzee, babu yake mzaa baba. Asili yao Uswidi, nchi ya baridi kuishinda hii, na mie nilidhani haipo. Axel alisilimu kwenye msikiti wetu wa Bathurst Street, hapa Thornhill, mbele ya macho yangu. Sheikh akamwambia, "Jina lako huna haja ya kulibadili, mwanangu, madhali maana yake si mbaya." Watu wote wakaitikia. Hakuna aliyeuliza maana yake ni ipi. Mie nilikuwa nimeshika sinia la halwa, sikuuliza.

Miaka minne kijana yule alikula mezani kwangu, akaniita Bibi, akanibebea magunia ya mchele kutoka garini, na maana ya jina lake sikuijua.

Zeena aliposhika mimba na daktari akasema ni mwanamume, nilikata shauri siku ile ile. Ataitwa Alimohamed. Huyo ni marehemu mume wangu. Tulitoka naye Unguja na masanduku mawili, tukaishi hapa pamoja karibu miaka hamsini, na sasa ni mwaka wa sita tangu afariki. Watoto wa Feroz wote wanawake. Siku zake za mwisho hospitali, mkono wake mkononi mwangu, nilimwahidi kwamba jina lake litaitwa tena ndani ya nyumba: mtu aitwe aje kula, agombezwe kwa kuacha viatu mlangoni. Nikaitangaza ahadi hiyo msikitini, upande wa wanawake, mbele ya watu, ili isiweze kurudi nyuma.

Ndipo Zeena akaniletea habari ya kitanda. Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini hunisemesha hicho hicho, maana akinisemesha Kiingereza siitiki.

"Bibi, babu yake Axel ana kitanda cha mtoto, cha kubembea. Cha zamani sana. Wanaume wa kwao wote wamelala humo, na kila mmoja jina lake limechongwa kwenye ubao wa kichwani. Imebaki nafasi moja."

"Nafasi ya nani?"

"Ya mtoto wetu. Axel anapenda jina Nils. Ndiye wa kwanza kwenye ubao."

"Nils ndiyo nini?"

"Jina tu, Bibi."

"Hakuna jina tu," nikamwambia. "Na hao wengine?"

Akatazama simu yake, Axel alikuwa amempelekea picha ya ubao. Akanitajia. Kufika la tatu akasita. "Hili, Axel anasema, ni mbwa mwitu."

Nilivuta buibui langu nikaondoka pale. Mtoto wetu alale juu ya mbwa mwitu!

Kosa langu jingine lilikuwa kumwambia Razia, tena mbele ya wanawake wa msikitini. Razia ni rafiki yangu na tumegombana tangu tukiwa chuoni Unguja, juzuu ya kwanza. Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Shahbanu wee, majina ya Kiswidi mie nimeyaona kwenye duka lao la samani za kuunga mwenyewe, yamebandikwa kwenye kabati na meza. Huyo kitukuu chako atauzwa kwenye boksi, na misumari yake ndani!" Wanawake wote wakaangua kicheko. Nikasema, subirini.

Jumamosi nikamwamuru Feroz anipeleke Scarborough. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kumwambia yule mzee uso kwa uso: jina ni Alimohamed, na kitanda chako kibaki kwako. Feroz akaniuliza apande na mie. Nikamwambia angoje garini, sikuja kupigana.

Ghorofa ya tisa. Mlango ulipofunguliwa nilidhani nimekosea nyumba nimefika kwa mtu wetu, maana iliyotoka ni harufu ya iliki. Iliki kabisa, mbichi, iliyopondwa sasa hivi! Mzee mrefu amesimama, shati limepigwa pasi, na nyuma yake mezani kuna kahawa na mikate midogo iliyosokotwa kama kilemba.

"Nani amekupikia?" Hata salamu nilisahau.

"Mwenyewe. Alinifundisha mama yangu."

"Iliki umeijulia wapi?"

"Madamu, sisi mkate wetu tunautia iliki tangu enzi za mababu."

Kiingereza changu cha kiwandani, chake cha basi. Vyote viwili vimepinda, lakini vilielewana. Nikakataa kukaa. Nikasema maneno yangu mawili nikiwa nimesimama, nikaongeza na la tatu, la mbwa mwitu.

Hakukasirika. Mtu akikukasirikia unajua pa kushika. Yeye akasema tu, "Mbwa mwitu ni Ulf. Ni kweli. Njoo umwone."

Kitanda kilikuwa chumbani kwake, chini ya dirisha. Mti wake ulikuwa mweusi kwa kushikwashikwa, na ukingo umelainika kama sabuni iliyotumika. Mzee Hjalmar, na miaka yake themanini na nne, akapiga magoti. Nikaona si adabu nibaki juu yake. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake kikubwa, akauchukua mkono wangu kwa kuniomba ruhusa kwanza, akaweka kidole changu kwenye jina la juu kabisa.

"Nils. Elfu moja mia nane sitini na nane. Maana yake ushindi wa watu. Baba yake ndiye aliyekichonga hiki kitanda. Hakuwa na shamba wala ng'ombe, akala uji wa maganda ya miti mwaka ule wa njaa, na mwanawe akampa jina la ushindi."

Akakisogeza kidole. "Gustav, mwanawe Nils. Maana yake fimbo, mkongojo wa watu wake. Mama yake alipofuka macho, alitembea ameshika bega la huyu mpaka mwisho."

Sasa tukafika kwa mnyama.

"Ulf. Mdogo wake Gustav."

"Kwa nini mtu amwite mwanawe mnyama?"

"Alizaliwa kabla ya wakati, mwezi wa kwanza, mdogo kama mkate. Baba yake akatafuta jina la kitu kisichokufa kwa baridi."

Kaka yangu mie anaitwa Asad, na Asad ni simba. Na Haidar, tunavyomwita Imam Ali tukilia na tukifurahi, si simba? Nilikuja kumcheka mtu kwa jambo lililojaa nyumbani kwangu.

"Akafa?"

"Akaishi! Alikuwa na nguvu za ajabu. Akiwa na miaka kumi na minane akapanda meli kwenda Amerika, na barua haikuja hata moja. Mama yake, kipofu, aliendelea kumwekea sahani mezani kila sikukuu."

La nne lilikuwa halikumalizika. Kidole changu kiliteleza ghafla kwenye mti mtupu, herufi ya mwisho ina mguu mmoja tu.

"Björn," akasema. "Dubu. Mtoto wa kwanza wa Gustav. Baba alikuwa na furaha, akaanza kuchonga siku ile ile aliyozaliwa, kila jioni herufi. Mtoto akaishi siku nne. Gustav akaweka kisu chini. Tangu hapo kwetu hatuchongi jina mpaka mtoto amalize wiki."

Nikamwambia, sisi mtoto wa kiume akizaliwa, yeyote yule, siku saba za mwanzo anaitwa Muhammad. Ya saba ikifika, ndipo anapewa jina lake mwenyewe.

"Siku saba?"

"Saba."

Akautazama ule mti mtupu. Kisha akasema, "Kwa hiyo wenu hungoja chini ya jina kubwa. Wetu hungoja peke yake."

Mie nimesikia mawaidha mengi maishani. Hilo nimelichukua.

Akaendelea. Sven, mwana mwingine wa Gustav, ndiye baba yake yeye Hjalmar, maana yake kijana. "Na kijana alikuwa, mpaka amekufa na miaka tisini na moja, bado anaogopa kwenda kwa daktari wa meno." Kisha yeye mwenyewe, Hjalmar: mpiganaji mwenye kofia ya chuma.

"Umepigana vita gani weye?"

"Theluji, madamu. Na walevi wa Ijumaa."

Nikacheka bila kutaka. Yeye hakucheka, kwa sababu kidole kilikuwa kimefika kwa Lars, mwanawe. Kitanda kilimfuata mzee huku Canada kwa meli mwaka aliozaliwa Lars, alitumiwa na mama yake kutoka Uswidi. Lars ni aliyevikwa taji la majani, kama walivyovikwa washindi zamani. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, akainama kufunga kamba ya kiatu, moyo ukasimama. Mama yake Axel alikuwa ameshatangulia. Axel, miaka sita, akaja kwa babu yake na begi moja, na ndani ya begi mlikuwa na kiatu kile.

Kidole kilikaa pale muda mrefu. Sikukiondoa.

"Na Axel?" nikauliza.

"Axel ni baba wa amani. Limetoka mbali hilo. Lilikuwa jina la mwana wa Mfalme Daudi, Absalomu. Lilitembea miaka mingi mpaka likafika kwetu."

"Daudi yupi? Nabii Daudi?"

"Kuna mwingine?"

Subhanallah. Nawaambieni, nilitazama dirishani kwa sababu sikujua nitazame wapi. Jina litoke nyumbani kwa Nabii Daudi, livuke milima na bahari na barafu, lipungue njiani kama msafiri anavyokonda, likalale kwenye kitanda cha maskini Uswidi, lipande meli, lije Scarborough, liingie Thornhill na kuoa kwangu. Na mie miaka minne nasema, "Axel, nikatie vitunguu." Hata Razia, ulimi wake wote ule, asingekuwa na la kusema.

Mzee akainuka kwa kushika ukingo. Akasema, "Madamu, Nils ni wazo la Axel, mimi sikuomba. Mwiteni mtoto mnavyotaka. Ninaogopa kitu kimoja tu. Hawa waliotangulia hakuna anayewataja tena ila mimi. Kitanda kikibaki hapa, siku nitakayokufa watu wa jengo watakishusha kwenye pipa la taka, na itakuwa kama watu hawa hawakuzaliwa."

Ulikuwa wakati wangu wa kusema neno. Neno lilikuwapo, limekwama kwenye kiburi kama mwiba wa samaki. Nikasema, "Nifungie mikate miwili." Akanifungia sita.

Garini Feroz akauliza, "Mama, umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Na yeye amesemaje?"

"Endesha gari."

Mtoto alizaliwa Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, salama, na sauti ya kuuza samaki. Feroz akamwadhinia sikio la kulia, akamkimia la kushoto, na siku hizo zote tukamwita Muhammad. Kila nilipomwita nilimfikiria yule wa siku nne aliyengoja peke yake.

Jumatano nikamwita Axel jikoni. "Mwambie babu yako siku ya saba alete kitanda. Sasa kaa hapa unitajie wazee wako."

"Wote, Bibi?"

"Nimesema nusu?"

Kusoma kwangu si kwa haraka, na herufi zao nyingine zina nukta juu, kama zetu za Kiarabu, lakini hazisomeki kama zetu. Basi nikajifunza kwa sikio, kama nilivyojifunza Kurani chuoni, kwa kuyumba mbele na nyuma. Naosha mchele, nataja. Nakuna nazi, nataja. Zeena amelala kwenye kochi na mwanawe, ananicheka. "Bibi, si Biyoni. Björn."

"Weye mama yako anakusemesha Kiswahili unamjibu Kiingereza, leo unanifunza mie kutamka?"

Feroz hakulala vizuri wiki ile. "Mama, watu wananiuliza jina. Niwaambie nini?"

"Waambie wana masikio, siku ya saba wayalete."

Axel hakuthubutu kuuliza habari ya Nils. Alikata vitunguu tu, akinirekebisha polepole, na siku moja nilipofika mpaka mwisho bila kukosea, aliweka kisu chini akatoka nje uani, kwenye theluji inayoyeyuka, bila koti. Nilimwacha. Vitunguu havimlizi mtu hivyo.

Jumatatu nyumba ilijaa. Mtoto amenyolewa, kichwa kinang'aa kama embe. Razia amekaa mbele kabisa, asipitwe. Mzee Hjalmar akaingia na tai shingoni, Axel na Feroz wamembebea kitanda. Wakakiweka katikati ya sebule. Nikainama kutazama ubao.

Kwenye nafasi ya tisa palikuwa na penseli. Herufi ndogondogo, zimepigiwa mistari kwa rula, zimefutwa na kuandikwa tena mpaka mti umeng'aa: ALIMOHAMED. Herufi kumi mahali pa herufi nne.

"Nimepima wiki nzima," akaninong'oneza. "Linaingia, lakini kwa taabu."

"Na Nils je?"

"Nils yupo pale juu. Hajaenda popote."

Mtu ambaye nilikwenda kwake kumkatalia kitanda. Wiki nzima na rula.

Feroz akanipa mtoto. "Mama, sema weye."

Nikasimama. Sisi mtu hana jina moja. Ana lake, la baba yake na la babu yake, na anayejua zaidi anaendelea.

"Jina lake Alimohamed," nikasema.

Watu wakashusha pumzi. Razia akatikisa kichwa, kama kusema nilijua. Axel akatazama zulia.

"Sijamaliza. Alimohamed bin Axel, baba wa amani. Bin Lars, aliyevikwa taji. Bin Hjalmar, mwenye kofia ya chuma. Bin Sven, aliyekuwa kijana miaka tisini na moja. Bin Gustav, fimbo ya mama yake. Bin Nils, ushindi wa watu. Na ami zake: Ulf, aliyepanda meli, na Björn, wa siku nne. Mungu awarehemu waliotangulia. Mwenye neno aje kwangu."

Hakuja mtu. Mzee Hjalmar Kiswahili hajui hata salamu, lakini majina alikuwa akiyasikia. Alikuwa amesimama wima, midomo inafuata, kama dereva anayehesabu abiria wake wakipanda mmoja mmoja. Kwa Lars alifumba macho. Kwa Björn alitafuta kiti.

Aliyeanza salawati ni Razia, na kwa sauti kubwa. Siku hiyo nimemsamehe mambo mengi, si yote.

Baada ya chakula mzee akatoa patasi ndogo mfukoni, akapiga magoti, akachonga. Axel alishika ubao usitikisike. Herufi ya mwisho iligusa ukingo kabisa, akapuliza vumbi la mti, likaruka kwenye miguu yangu. Mtoto akalazwa ndani, akapiga chafya, akalala.

Mzee akabaki pale chini, anaupapasa ubao, na nikaona uso wake umebadilika.

"Madamu, ubao umejaa," akasema. "Wa kumi hana mahali."

"Ongeza ubao."

"Mimi si seremala. Mimi dereva wa basi."

"Miaka thelathini na mmoja hukumwacha mtu kituoni," nikamwambia. "Huyo utamwacha?"

Akanitazama. Kisha akamwomba Axel amletee rula.